Ukungu, Fumbo na Ukweli wa Picha

Miongoni mwa maswali ambayo watu wa taifa lolote hawana budi kujiuliza ni hili: nchi yao yaonekanaje katika picha, na ni nani anayeionyesha hivyo? Picha za nchi huingia katika vitabu vya shule, katika kalenda na stempu, na siku hizi katika simu za mkononi za vijana wetu. Polepole hutufundisha kuitazama nchi kwa namna fulani, hata tukadhani kwamba hakuna namna nyingine. Katika insha hii tunakusudia kuijadili aina moja tu ya picha hizo, nayo ni picha ya nchi iliyofunikwa na ukungu: mlima uliozama nusu, bonde lililojaa weupe, mti mmoja uliosimama peke yake kana kwamba dunia iliyouzunguka imefutwa.

Picha za namna hii hupendwa sana, na hatuna nia ya kuwalaumu wanaozipenda. Lakini picha ambayo uzuri wake watokana na kuficha yaleta swali la maadili. Mpiga picha anayetuonyesha nchi kwa kuifunika, je, atuambia kweli au atudanganya? Mtu aweza kusema kwamba swali hili ni dogo, kwamba ukungu ni ukungu tu, na picha ni pambo la ukutani. Sisi tutajaribu kuonyesha kwamba si dogo, kwa sababu wako watu waliowahi kupoteza ardhi yao kwa kuwa mwenye nguvu aliitazama asione mtu.

Ukungu ni nini?

Kabla ya kuihukumu picha, yafaa tukijue kwanza kinachopigwa. Ukungu ni wingu lililoshuka, au lililozaliwa, juu ya ardhi yenyewe. Hewa yenye mvuke inapopoa kupita kiasi fulani hushindwa kuubeba mvuke huo, nao hugeuka kuwa vitone vya maji vidogo mno, vingi vyavyo havifiki hata sehemu moja ya ishirini ya milimita. Vitone hivyo hutawanya mwanga kila upande, na kwa kuwa huzitawanya rangi zote karibu sawasawa, jicho letu huona weupe. Wataalamu wa hali ya hewa wamekubaliana kuuita ukungu pale ambapo mtu hawezi kuona hata umbali wa kilomita 1.

Katika Tanzania wapo wengi wanaoishi na ukungu kama jirani. Tuchukue mfano wa milima ya Usambara Magharibi, katika Mkoa wa Tanga. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, huvuka nyanda za chini, hugonga kuta za milima na kulazimika kupanda. Kadiri hewa ipandavyo ndivyo ipoavyo, na mvuke wake hatimaye huwa wingu. Kwa hiyo msafiri aliyeliacha joto la Mombo na kupanda barabara ya Soni hadi Lushoto, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, aweza kumkuta dereva amewasha taa mchana. Upo pia ukungu wa namna ya pili. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake, hewa baridi huteremka mabondeni kama maji, na alfajiri bonde zima huwa bakuli la maziwa, mpaka jua lilipashe moto. Na mtu aliyesimama Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa milima hiyo, asubuhi nyingine huyaona mawingu yakiwa chini ya miguu yake, yameifunika tambarare ya Mkomazi.

Kwa mwenyeji wa huko ukungu si pambo. Ni maji, na pengine ni maradhi. Lugha yetu yenyewe yalishuhudia jambo hili, maana neno ukungu ni jina la weupe wa mlimani na papo hapo ni jina la kuvu iotayo juu ya mkate uliolala. Mkulima wa viazi au nyanya huuita vivyo hivyo ugonjwa uozeshao majani ya mimea yake wakati wa baridi na unyevu. Lakini huo huo ukungu hulisha msitu. Katika ukanda wa msitu wa mlima Kilimanjaro, miti iliyovaa kuvumwani na zile nyuzi ndefu ziitwazo ndevu za mzee huuchuja ukungu kama kitambaa kichujavyo tui. Matone hudondoka, ardhi huyanywa, na chini zaidi hutokea chemchemi. Wachagga, ambao kwa vizazi vingi wamechimba mifereji ya kuyaongoza maji hayo hadi vihambani mwao, hawakuhitaji kuambiwa kwamba weupe ule wa juu una uhusiano na mgomba wa chini. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Na kwa watu wa milimani wingu lenyewe ni sehemu ya mvua.

Kamera mbele ya ukungu

Mpiga picha aliyeuzoea ukungu ajua jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba kamera ikiachwa ifanye kazi peke yake huupotosha. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hutengenezwa kwa kudhania kwamba mandhari yoyote, ukichanganya weupe wake na weusi wake, itatoa rangi ya kijivu cha wastani. Ukungu hauko hivyo. Karibu wote ni mweupe. Basi kipimo huona kwamba mwanga umezidi, hukipunguza kile kinachoingia, na asubuhi nyeupe ya msitu wa Magamba hutoka katika picha ikiwa na rangi ya moshi wa jikoni. Mwenye ujuzi huiongezea picha mwanga, pengine mara mbili ya ule uliopendekezwa na chombo, ili weupe urudi kuwa weupe.

Hapa pana funzo la kwanza. Watu wengi hudhani kwamba picha husema kweli kwa kuwa imetoka katika mashine, na kwamba mkono wa binadamu ukiingia ndipo uwongo uanzapo. Ukungu waonyesha kinyume chake. Mashine isiyo na nia yoyote mbaya yaweza kutoa picha isiyo ya kweli, na mkono wa mtu aliyekuwapo, aliyeona kwa macho yake jinsi asubuhi ilivyokuwa, ndio unaoisahihisha. Ukweli wa picha, basi, hautokani na chombo. Watokana na mtu anayejua alichokiona na anayejali kukisema sawasawa.

Funzo la pili ni kwamba ukungu haufichi tu, bali hufunua pia. Katika jua kali la adhuhuri vilima vitano vilivyopangana huonekana katika picha kama kilima kimoja kilichobandikwa ukutani. Ukungu mwepesi huvitenganisha: cha kwanza huwa cheusi, cha pili kijivu, cha tatu hufifia, na cha mwisho hubaki mstari tu, kama mtu aliyeanza kusema neno akanyamaza. Umbali, ambao karatasi haina, hurudi. Maana yake ni kwamba ukungu hutuondolea baadhi ya mambo na kutupa mengine, na haitoshi kuupima kwa kile ulichoondoa.

Mambo haya si mageni duniani, na hapa yatufaa tutoke kidogo katika milima yetu. Mchoraji wa Kichina Guo Xi, aliyeishi katika karne ya 11, alifundisha kwamba mlima uliochorwa wote hauonyeshi urefu wake, lakini ukifungwa kiuno kwa ukungu huonekana mrefu. Mchoro wake mashuhuri wa mwaka 1072, unaoonyesha mwanzo wa majira ya kuchipua, ungali umehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Taipei. Katika karne ya 19 Mwingereza Peter Henry Emerson, ambaye alisomea udaktari kisha akaugeukia upigaji picha, alitembea katika vinamasi vya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, na mwaka 1886 yeye na mchoraji Goodall wakatoa kitabu cha picha za maisha ya huko. Msomaji atambue jambo moja linalowaunganisha watu hawa wawili waliotengwa na karne nane. Chini ya milima ya Guo Xi, ukitazama kwa makini, wamo wavuvi na wasafiri, wadogo kama siafu. Na katika vinamasi vya Emerson wamo wakata matete na waendesha mashua wakiwa kazini. Watu hawa wawili waliupenda ukungu, lakini hawakuutumia kuwafuta watu.

Mlima uliokanushwa

Tuugeukie sasa mlima wetu wenyewe, kwa sababu historia yake yatupa mfano ulio bora wa jinsi wingu linavyoweza kupima akili na unyenyekevu wa mtazamaji. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetoka pwani ya Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro. Alipouona weupe wa kileleni, kwanza alifikiri ni wingu linalong'aa. Kiongozi wake wa safari aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akafahamu kwamba aliyoiona ni theluji.

Habari hizo zilipofika Ulaya, hazikupokewa na wote. Mtaalamu mmoja wa jiografia huko London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika katika bara hili, alizikataa kabisa, akishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Aliendelea na ukaidi huo hata baada ya mwaka 1861 na 1862, wakati Baron von der Decken na wenzake walipoupanda mlima hadi sehemu zake za juu na kuthibitisha kwamba theluji ipo.

Tutafakari kidogo juu ya watu watatu wa kisa hiki. Cooley hakuona, na kwa kuwa hakuona alisema hakuna. Rebmann aliona nusu. Alidhani ni wingu, kisha akasikiliza na kufikiri, akarekebisha alichokidhani. Kiongozi wa safari alikuwa na neno tayari, kwa sababu yeye hakuhitaji mawingu yaondoke ili ajue kwamba huko juu kuna baridi. Wachagga nao, waliokaa miteremkoni siku zote, hawakuhitaji hata huyo kiongozi. Kilele chenye urefu wa mita 5,895 kilikuwapo, mawingu yakiwapo au yasipokuwapo. Kumbe kosa la Cooley halikuwa kutoona. Kosa lake lilikuwa kugeuza kutoona kwake kuwa habari za mlima. Usilolijua ni usiku wa giza, husema methali. Lakini giza hilo limo ndani ya asiyejua, halimo katika kitu kisichojulikana.

Fumbo na uwongo

Sasa twaweza kulijibu swali tulilolianza. Utamaduni wetu una njia yake ya siku nyingi ya kuficha maneno bila kudanganya, nayo ni fumbo. Watoto hutegeana vitendawili, wazee husema kwa mafumbo barazani, na washairi wetu wa pwani wameifanya sanaa ya kufumba kuwa kipimo cha ufundi. Hakuna anayemwita mtega kitendawili mwongo, ijapokuwa amekificha anachokisema. Kwa nini?

Kwanza, fumbo hujitangaza. Anayesema "Kitendawili!" amekwisha kutuambia kwamba kuna kitu hatukioni, nasi twamjibu "Tega!" kwa kukubali mchezo huo. Mwongo hasemi "nakuficha jambo". Yeye huficha hata ule ufichaji wenyewe. Pili, fumbo lina jibu. Jibu laweza kuwa gumu, laweza kuchukua usiku mzima, lakini lipo, na wapo wanaolijua. Tatu, mwenye kulitega ni lazima alijue jibu hilo. Mtoto anayetega kitendawili ambacho yeye mwenyewe hajui jibu lake huaibika mbele ya wenzake wote, na ni haki yao kumcheka.

Tukiipima picha ya ukungu kwa mizani hiyo mitatu, twaona kwamba kwa asili yake ni fumbo wala si uwongo. Picha ya jua kali huficha pia, kwa maana kila picha ina mipaka minne na yale yaliyobaki nje yamefichwa. Ila picha hiyo hujifanya kwamba imeonyesha yote. Picha ya ukungu hukiri waziwazi, katika uso wake, kwamba haikuona yote. Kwa hiyo yaweza hata kuwa na uaminifu kuliko nyingine. Macho hayana pazia, twasema. Ukungu ni pazia ambalo jicho hulazimika kulikiri.

Lakini sharti la pili na la tatu ndiyo yenye uzito, na ndiyo yanayovunjwa mara nyingi. Mpiga picha asiyejua kilichomo nyuma ya weupe, wala hakujali kuuliza, ametega kitendawili asichojua jibu lake. Na anayeiandikia picha yake maneno ya kumfanya mtazamaji aamini kwamba nyuma ya weupe hakuna kitu, kwamba hii ni nchi tupu, nchi isiyoguswa, nchi isiyo na jina, huyo ameligeuza fumbo kuwa uwongo. Ukungu haukudanganya. Yaliyodanganya ni maneno ya chini ya picha.

Ardhi "isiyo na mwenyewe"

Kwa nini jambo hili litushughulishe kiasi hicho? Kwa sababu neno "tupu" lina historia katika nchi hii. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Ujerumani ilitoa amri iliyotangaza kwamba katika koloni lake la Afrika Mashariki ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ardhi ya Dola, isipokuwa ile ambayo watu binafsi, machifu au jumuiya za wenyeji wangeweza kuonyesha kuwa ni yao. Katika Usambara, mashamba ya kahawa ya walowezi yalikuwa yamekwisha kuanza katika miaka hiyo hiyo ya 1890. Tufikirie maana ya amri ile kwa Wasambaa. Mlima wao haukulimwa wote kwa wakati mmoja. Palikuwa na mashamba yaliyolazwa ili yapumzike, palikuwa na malisho, palikuwa na misitu iliyoachwa kwa ajili ya matambiko na vyanzo vya maji. Kwa mwenyeji kila mahali hapo palikuwa na mwenyewe, na habari zake zilijulikana na wazee. Kwa mgeni aliyetazama kutoka mbali, palikuwa patupu.

Hatusemi kwamba kamera ndiyo iliyotunga amri ile. Twasema kwamba jicho ni lile lile. Jicho linaloutazama mlima na kuona umbo, rangi na utulivu tu, bila kuuliza ni nani alalaye pale, ndilo jicho linaloweza kuandika "isiyo na mwenyewe" katika sheria, na ndilo linaloweza kuandika "upweke" chini ya picha ya bonde ambamo, saa ile ile picha ilipopigwa, kina mama walikuwa wakishuka na mizigo ya mboga kwenda sokoni, watoto wakitembea kwenda shule huku umande ukiwalowesha miguu, na mtu fulani akikagua viazi vyake kwa hofu ya ukungu ule mwingine. Wote hao walikuwamo ndani ya picha. Weupe uliwafunika, ila sauti zao zilisikika kwa yeyote aliyesimama pale na kamera yake.

Nembo ya Taifa letu yaonyesha mlima Kilimanjaro, na juu ya mlima huo wamesimama mwanamume na mwanamke. Mkarafuu umeota miguuni pa mmoja, mpamba miguuni pa mwingine. Waliouchora mlima hivyo hawakuuchora kama mandhari ya kutazamwa, bali kama mahali pa kusimama. Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi tofauti tunayoijadili, aiweke nembo hiyo kando ya picha yoyote ya mlima ule ule iliyotengenezwa kwa ajili ya watalii, awaulize wanafunzi watu wamekwenda wapi.

Pingamizi mbili

Wapo watakaotupinga, na ni haki wasikilizwe. Wa kwanza atasema: "Mnaitwisha sanaa mzigo usio wake. Mpiga picha si karani wa sensa. Akiupenda weupe kwa ajili ya weupe, ana kosa gani?" Twajibu kwamba hana kosa katika kuupenda. Mtu ana haki ya kusimama mbele ya asubuhi na kunyamaza, na taifa lisilojua kustaajabia uzuri wa nchi yake litashindwa hata kuilinda. Wala hatudai kwamba kila picha iwe na mtu ndani yake. Kufanya hivyo kungekuwa kuzalisha uwongo mwingine, ule wa kumpanga mwanakijiji mbele ya kamera kama chungu cha maua. Tunachodai ni kidogo kuliko hicho, na kigumu zaidi: kwamba mwenye kuupiga picha mlima ajue kuwa una watu, na picha yake isiwe ushahidi wa kuwakana. Ujuzi huo huonekana katika picha hata pasipo na mtu. Huonekana katika njia nyembamba iliyoachwa kwenye kona, katika moshi mmoja unaopanda kuungana na ukungu, katika ngazi za shamba zinazopotelea kwenye weupe, na huonekana hasa katika jina. Picha iliyoandikwa jina la kijiji na mwezi ilipopigwa imekwisha kutoa nusu ya jibu la kitendawili chake.

Wa pili atatupinga kwa upande mwingine. Atasema: "Ikiwa kuficha ni hatari, basi tuuondoe ukungu. Siku hizi ziko programu za kompyuta na za simu ziwezazo kuifuta picha ukungu wake, milima ikatoka safi kama ya mchana." Ni kweli programu hizo zipo. Lakini tukifuta ukungu katika picha ya asubuhi ya Lushoto tutakuwa tumefuta asubuhi yenyewe, baridi yake, taa za basi, na maji yaliyokuwa yakidondoka msituni. Uwazi si sawa na ukweli. Kitu kikiwa na ukungu, kukionyesha bila ukungu ni kukionyesha kisivyo. Na ziko pia programu zinazoongeza ukungu mahali ambapo haukuwapo, na nyingine, kwa nguvu ya akili mnemba, huchora mlima mzima wenye ukungu ambao haupo popote duniani. Picha ya namna hiyo ni fumbo lisilo na jibu kabisa, maana nyuma ya weupe wake hakuna kijiji, hakuna njia, hakuna hata jiwe. Yaweza kupendeza ukutani kama pambo. Ikiletwa kama picha ya nchi yetu, huo ni uwongo mtupu, na kijana wa leo hana budi kufundishwa kuuliza: hapa ni wapi, na ni nani aliyekuwapo?

Kupiga hodi

Lugha yetu husema kupiga picha, na kitenzi hicho hicho hutumika tunaposema kupiga hodi. Hatudai kwamba waliotunga usemi huo walikusudia funzo lolote, lakini funzo twaweza kulichukua. Mgeni wa Kiswahili hafiki mlangoni akaingia. Husimama, hupiga hodi, hungoja sauti ya ndani imwambie karibu. Mpiga picha aliyesimama juu ya bonde lenye ukungu amesimama mlangoni mwa watu, hata kama mlango hauonekani. Kwa kuwa hauonekani, adabu yamtaka azidi kuwa mwangalifu, kama vile mtu atembeavyo kwa uangalifu zaidi usiku katika nyumba iliyolaliwa.

Kupiga hodi kwa mpiga picha maana yake ni mambo yaliyo wazi. Aulize jina la kilima kabla ya kukipiga picha, na aulize pia jina la kilima cha nyuma ambacho hakionekani. Angojee, ukungu wa bondeni huinuka jua likipanda, na mtu aliyengoja saa moja huona yale aliyokuwa akiyapiga bila kuyajua. Asiandike "tupu" wala "isiyoguswa" mpaka awe ameuliza. Na akipita njia ya shambani, amwamkie mwenye shamba, kwani salamu hiyo ni sehemu ya kazi yake kama ilivyo kamera.

Kwa walimu tungependa kupendekeza zoezi moja linalowezekana hata katika shule isiyo na kamera, maadamu ipo penseli na karatasi. Wanafunzi wachague mahali pamoja penye kuona mbali. Wapachore au wapapige picha mara tatu: kabla ya jua kuchomoza, saa tatu asubuhi, na adhuhuri. Shule za pwani zisizo na ukungu wa milimani zaweza kutumia mvua ya masika inayokuja baharini, na za bara kavu zaweza kutumia vumbi la kiangazi, kwani navyo hufunika. Chini ya kila picha mwanafunzi aandike orodha ya vitu vilivyopo lakini havionekani: nyumba ya nani, shamba la nani, njia iendayo wapi. Asivyovijua akawaulize wazee. Orodha ya picha ya kwanza itakuwa ndefu kuliko zote, na katika kuiandaa mwanafunzi atajifunza jiografia, historia na adabu kwa pamoja.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali tulilolianzisha ni hili. Mpiga picha wa ukungu hadanganyi kwa kuficha. Hudanganya pale tu anapotufanya tuamini kwamba kilichofichwa hakipo. Akijua kilichomo ndani ya weupe, na akaiacha picha yake ituite tukitafute, ametufanyia kazi ya mshairi mzuri, nasi tutamshukuru. Asipojua, na akawa hataki kujua, picha yake yaweza kuwa nzuri kiasi chochote, lakini haitakuwa picha ya nchi hii. Ni matumaini yetu kwamba vijana wanaobeba kamera mifukoni mwao kila siku, wengi kuliko wakati wowote uliopita, watazipiga picha asubuhi za milima yetu kwa wingi, na kwamba kila mmoja wao atakuwa tayari, akiulizwa ni nani akaaye pale penye weupe, kujibu kwa majina.